Mfarishi wa Nguo za Kuazima

Walisema sitaweza. Walisema mwanamume hakai chini kuunganisha vitambaa, hiyo ni kazi ya wanawake waliochoka kulima. Walisema mtu aliyekwenda bara kujifunza kushona suruali za askari hawezi kujua mfarishi unavyoshikwa. Walisema nguo za kushonea nitazikosa, na hata nikizipata kwa kuazima sitazirudisha, kwa sababu kipande kilichokwisha kushonwa hakirudi kwa mwenyewe. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ambaye ndiye aliyenilea pale Kiegeani, alisema kuliko wote. Alisimama uani mbele ya majirani, akainyooshea kidole cherehani yangu.

"Siku utakayowalipa watu wote nguo zao," akasema, "mashine hiyo nitaibeba mimi, kichwani, mpaka pwani."

Watu wakacheka sana. Mimi sikucheka. Nilimjibu kwamba ni vizuri aanze kuifanyia shingo yake mazoezi.

Nayaeleza haya kwa sababu wanaoniona leo katika duka langu la Chole hudhani nilizaliwa nalo. Sikuzaliwa na kitu. Niliondoka kisiwani zama za Wadachi, nikiwa kijana, sina kanzu ya pili. Nilikwenda bara, nikaingia shule ya ufundi ya serikali, nikajifunza ushoni tangu kutia uzi katika sindano mpaka kukata koti la bwana mkubwa bila kubahatisha. Wenzangu wengi walitoroka kabla ya kumaliza. Mimi nilimaliza, nikapewa shahada yenye muhuri mwekundu, na jina langu limeandikwa kwa herufi za kupendeza. Baadaye nilishona kwa watu mpaka nikajipatia cherehani ya mkono, yangu mwenyewe, bila kusaidiwa na ndugu wala rafiki. Ndipo nikarudi nyumbani.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuipigilia shahada ukutani. Shangazi aliitazama, akaikaribia, akaigusa kwa ncha ya kidole.

"Hii ndiyo iliyokuweka huko miaka yote?"

"Ndiyo, shangazi."

"Usiku wa baridi mtu anajifunika nayo?"

"Si ya kujifunika, shangazi. Inasomwa."

"Basi isome ulale," akasema, akaenda zake jikoni.

Ukweli ni kwamba kazi Kiegeani hazikuwepo. Watu walivaa shuka na leso, nguo zisizohitaji fundi, na kanzu mbili tatu za sikukuu zilishonwa Chole. Huko Chole, kisiwa kidogo ng'ambo yetu, ndiko kulikokuwa na maduka, boma la serikali na watu wa kuvaa makoti, lakini mafundi wa huko walikwisha kuzishika baraza zote. Fundi asiye na mahali pa kukaa ni kama hayupo. Nilianza kufikiri kwamba nitarudi bara, nikashone tena suruali za watu chini ya jina la mtu mwingine. Jambo hilo sikumwambia mtu, lakini ndilo lililokuwa mbele yangu.

Ndipo nikaitwa na Bibi mmoja wa Chole. Nyumba yao ilikuwa ya watu waliochanganya damu na Waomani, wenye mashamba ya minazi kisiwa chetu kizima. Binti yake alikuwa anaolewa. Nilikaa barazani, na Bibi akasema nami kutoka ndani, nyuma ya pazia.

"Nimesikia una shahada."

"Ninayo, Bibi."

"Ya kushona nini?"

"Ya kushona chochote."

"Na mfarishi?"

"Chochote, Bibi."

Akanieleza alichotaka. Mama yake alikuwa na mfarishi wa vipande vya nguo za kila rangi, wenye sufi katikati, aliokuja nao siku ya harusi yake. Ulichakaa mpaka ukaisha. Sasa alitaka binti yake awe nao mwingine kama ule. Nguo mpya alikuwa nazo sandukuni, lakini hazikufaa. Nguo mpya ni ngumu, alisema, na mshono wake unamsumbua mtu aliyelala. Mfarishi mzuri hushonwa kwa nguo zilizovaliwa zikafuliwa, zikavaliwa tena, mpaka zikawa laini. Zamani wanawake wa mashambani ndio waliowashonea. Siku hizi, alisema, akiwaita hawaji.

"Nitafutie nguo hizo, nishonee," akasema. "Ukimaliza kabla ya harusi, chumba cha mbele, kile kinachotazama soko, ni chako. Weka mashine yako humo."

Nilijua chumba kile. Kilikuwa na mlango mpana na mwanga wa kutosha tangu asubuhi mpaka alasiri. Nilirudi Kiegeani nikiwa nimekwisha kuamua mahali nitakapoipigilia shahada.

Wanawake wa mashambani walioacha kwenda kwake ndio hao hao wa kwetu, na shangazi alikuwa mmoja wao. Mama yake, bibi yangu, alikuwa mtumwa wa nyumba ile. Alikusanya nazi katika mashamba yao mpaka mgongo ukapinda, na mifarishi yao aliishona yeye na wenzake. Watoto wake walijikomboa, wakapata vijishamba vyao, lakini hakuna aliyesahau.

Niliposema ninachotaka, shangazi akaacha kukuna nazi.

"Jasho letu limelala nyumba ile miaka na miaka. Sasa unataka na nguo zetu zikalale huko?"

"Ni vitambaa tu, shangazi. Huko bara tulikuwa tunavifagia."

"Huko bara hawajui kuroga."

Kwetu mtu hampi asiye ndugu yake kitambaa alichokivaa. Nguo iliyokaa mwilini ina mwenyewe ndani yake. Anayeishika amemshika mtu, na akitaka kumdhuru hana haja ya kingine. Matambara huchomwa moto au huzikwa. Mimi nilikuwa nimesoma, lakini nilizaliwa papo hapo, na matambara yangu ya bara niliyachoma vile vile.

"Siombi," nikasema. "Naazima. Kila nitakachochukua kitarudi kwa mwenyewe."

"Kitarudije na wewe umekishona?" jirani akauliza.

"Hiyo ni kazi yangu. Ndiyo niliyoisomea."

Hapo ndipo waliposema yale niliyoyataja mwanzo, na shangazi akatoa ahadi yake ya kubeba cherehani. Sikuwa na jibu la swali la jirani. Nilikuwa na hakika kwamba nitalipata, kwa sababu sikuwahi kukosa jambo nililolishikilia.

Walinipa. Nadhani walinipa ili wanione nikishindwa, na mimi sikujali sababu. Jirani alileta pembe ya kisutu chake cha harusi, nyekundu iliyofifia ikawa kama rangi ya tofali. Mama mmoja mfinyanzi alileta doria, kitambaa cheupe chepesi kilichokuwa nguo ya mwanawe, aliyekufa kabla ya kutembea. Aliniwekea mkononi, akaondoka bila kusema. Mwingine alileta mkono wa kanzu ya hudhurungi ya mumewe, akaniambia, "Mwenyewe hajui, akikuuliza sema panya." Zikaja shiti za maua, vipande vya vikoi vyenye mistari ya manjano, leso za kila namna. Habari zilifika mpaka Ras Mkumbi, na watu wa huko wakawa wanauliza kama ni kweli kuna mwanamume Kiegeani anayekusanya matambara ya wanawake. Sikuandika mahali popote nani kaleta nini. Nikitazama kitambaa nilimwona aliyekileta.

Shangazi alikuwa wa mwisho. Alifungua sanduku lake, akatoa kaniki iliyopauka, akaikata kwa kisu.

"Hii ya mama yangu. Aliivaa shambani kwao. Nataka niione itakavyorudi."

Kitambaa cha chini sikutaka kiwe cha nguo za watu. Nilikwenda Jibondo, kisiwa kisicho na maji matamu, kwa mzee mmoja, fundi wa vyombo vya baharini, nikamwomba kipande cha tanga kuukuu. Tanga lililopigwa na jua na chumvi huwa laini kuliko bafta, ukilifua vizuri.

"Chukua," akasema. "Tanga halina jasho la mtu, jasho lake la mawingu. Lakini hapa Jibondo hatuulizani habari za nguo. Tunaulizana habari za maji. Umekuja na maji?"

"Sikuja nayo, ami."

"Basi msomi umekuja Jibondo mikono mitupu. Shahada yako inateka?"

Nikaenda, nikarudi na mapipa ya maji matamu, nikampa. Hilo lilikuwa deni langu la kwanza kulipa, na nililipa kabla sijatia mshono mmoja.

Kushona kwenyewe nilikufanya nilivyofundishwa, na zaidi ya nilivyofundishwa. Wanawake wa kwetu walikuwa wakiunganisha vipande kama vinavyokuja, kikubwa hapa, kidogo pale. Mimi nilivikata vyote kwa kipimo kimoja cha karatasi ngumu, pembetatu, nikazipanga rangi zianze nyeusi katikati, zipande kuwa nyekundu, kisha manjano, na pembezoni ziwe nyeupe. Kaniki ya bibi yangu ndiyo iliyokaa kitovuni. Doria ya mtoto niliiweka pembeni kabisa, mahali pasipokaliwa. Nilipiga bandi, mishono mirefu ya kushikiza, kwa mkono kwanza, nikapitisha cherehani, nikajaza sufi, kisha nikaushindilia wote kwa mishono midogo ili sufi isikimbie. Nimeshona vitu vingi tangu siku ile, na baadhi vimevaliwa na watu wakubwa, lakini sijaona mfarishi mwingine katika kisiwa hiki ulioshinda ule. Nasema hivi kwa sababu nimeiona mingi.

Nilipoutandaza juu ya kamba uani, wanawake walikuja mmoja mmoja, kisha wote pamoja. Kila mmoja alitafuta chake.

"Kile changu! Kile chenye ua!"

"Ua la wapi, hicho changu, chako kilikuwa na doa."

"Doa ulinitia wewe na mchuzi wako siku ya maulidi."

Mfinyanzi alisimama kwenye pembe moja tu, akaishika, akaiachia.

Shangazi aliuzunguka mfarishi wote. Aliupapasa katikati kwa kiganja. Kisha akanigeukia.

"Umependeza," akasema. "Sasa rudisha."

Wengine wakaningojea. Niliwaambia wanipe siku chache. Nilikwenda Chole nikamweleza Bibi kwamba kazi imekwisha, ila wenye nguo wanataka walipwe. Bibi alicheka, akaniambia hilo si jambo. Akatoa jora zima la shiti mpya, la maua ya zambarau, bado lina harufu ya duka. "Wakatie wote," akasema. "Wamenipa matambara, mimi nawapa nguo." Nilibeba jora lile begani, nikavuka, nikapita katikati ya Kiegeani taratibu ili nionekane. Nilidhani nimekwisha kushinda.

Shangazi aliipokea ncha ya shiti, akaifikicha, akainusa, akaniachia.

"Haina mtu ndani."

"Ni mpya, shangazi. Ni bora kuliko ulichotoa."

"Ndiyo, ni mpya. Mimi sikukupa kipya. Nilikupa mama yangu. Wao wanatupa cha dukani."

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Changu. Ulisema kitarudi. Na kama hakirudi, na mfarishi usitoke hapa."

Majirani walisema vile vile, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyekubali kukatiwa shiti ile, hata yule aliyekuwa hana leso ya kubadili. Nikakaa na mfarishi uliokwisha na jora lisilotakiwa, na harusi imekaribia. Kama nikiukata mfarishi niwarudishie vipande vyao, chumba cha mbele kimekwenda. Kama nikiupeleka bila ridhaa yao, chumba ningekipata, lakini nisingeweza tena kukaa Kiegeani wala kutazamana na shangazi, na watu wote wangesema shahada yangu ni ya wizi.

Nilitafakari jambo hili jinsi fundi anavyotafakari koti lisilokaa begani. Hukati upya. Unatafuta panapovuta. Hapa palipovuta palikuwa mahali pamoja tu: wao wamewekwa mkononi mwa nyumba ile, na nyumba ile haikuwekwa mkononi mwao. Basi na iwekwe.

Nilirudi Chole na jora lile lile, nikaliweka barazani.

"Wamelikataa, Bibi."

"Wamekataa nguo mpya? Wanataka nini, hariri?"

"Wanataka nguo ya bibi harusi. Aliyoivaa. Kila mmoja kipande."

Nyuma ya pazia nikasikia bangili zikigongana.

"Wewe una wazimu? Nguo ya mwanangu ikatwe igawiwe Kiegeani? Wakimroga?"

"Nao wanaogopa hivyo hivyo, Bibi."

"Wananiogopa mimi?"

"Nguo zao zitakuwa kitandani mwa nyumba hii. Wewe ukiwa na zao, na wao wakiwa na yake, hakuna atakayemgusa mwenziwe. Kila mmoja atamchunga mwenzake kwa ajili ya nafsi yake."

"Na nikikataa?"

Hapo ndipo maisha yangu yalipokuwa. Ningeweza kusema basi, Bibi, nitauleta mfarishi jioni. Nilisema:

"Nitaufumua."

"Na chumba?"

"Chumba ni chako, Bibi. Mfarishi si wangu."

Akaniambia niondoke. Niliondoka. Siku iliyofuata alimtuma mtu kuniambia chumba cha mbele atapewa fundi mwingine. Nilichukua wembe, nikauweka mfarishi mapajani, nikaanza kufumua pembeni, kwenye doria, kwa sababu nilitaka mfinyanzi awe wa kwanza kurudishiwa. Shangazi alinikuta hapo. Alisimama akanitazama nikikata uzi niliouweka mwenyewe. Akakaa mlangoni. Nilifumua mishono miwili mitatu, mizuri yote.

Sikuwa nimefika mbali alipoingia mwanamke mmoja mtumishi wa Chole, anahema, ana kifurushi chini ya mkono.

"Bibi harusi anakusalimu. Anasema uache kufumua."

"Mama yake amekubali?"

"Mama yake hajakubali wala hajakataa. Binti alimwambia, 'Mama, wao wamekata zao.' Basi. Bibi akageuka ukutani, na binti akanipa hiki mbele yake."

Ilikuwa leso ya kushindia nyumbani, ya buluu, iliyofuliwa mpaka ua lake halisomeki, na katika pindo moja palikuwa na alama ya moto wa pasi. Hakuna duka lingeuza kitu kama kile. Shangazi aliinyakua kutoka mkononi mwangu kabla sijaikunjua, akaipeleka puani.

"Udi," akasema. "Na jasho kidogo. Huyu ni mtu."

Nikairudishia doria mishono yake. Kisha nikaikata leso ile kwa kipimo kile kile cha pembetatu, kila kipande sawa na kilichotoka kwa mwenyewe, nikavipinda pindo vyote kwa mashine ili visichanike, kwa sababu kulipa vibaya si kulipa. Nikaupeleka mfarishi Chole. Bibi aliupokea mwenyewe mlangoni, bila pazia, uso umefunikwa. Alipapasa katikati, palipo na kaniki.

"Hii ya nani?"

"Ya bibi yangu mzaa baba."

"Alikuwa akishona hapa," akasema, si kwa kuuliza. Kisha akanipa ufunguo wa chumba cha mbele, na hatukuzungumza tena habari hiyo, siku ile wala nyingine.

Siku ya kulipa nilivaa kanzu yangu nyeupe na kofia ya kushonwa kwa mkono, nikapita nyumba kwa nyumba Kiegeani. Niligonga hodi kila mlango, nikamkabidhi kila mmoja mkononi mwake. Jirani wa kisutu alikifunga chake kwenye ncha ya leso yake papo hapo. Mke wa mwenye kanzu ya hudhurungi alikificha ili mumewe asiulize kimetoka wapi. Mfinyanzi alikipokea kwa mikono miwili, akakitia ndani ya chungu kidogo, akakifunika. "Na aolewe kwa heri, azae," akasema. Ndiyo maneno pekee aliyonipa katika shughuli ile yote. Nyumba baada ya nyumba, nilihakikisha kila mtu amesema kwa mdomo wake kwamba amelipwa, na majirani wamesikia.

Shangazi nilimwacha wa mwisho.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wote umewalipa?"

"Wote."

"Na Jibondo?"

"Jibondo nililipa maji, kabla ya wote."

Alichukua kipande chake, akakinusa tena, akafungua sanduku, akakilaza juu ya iliyobaki ya kaniki ya mama yake, akafunga. Halafu alitoka uani. Majirani walikwisha kukusanyika, maana hakuna aliyesahau. Alivua leso ya begani, akaizungusha mkononi akafanya kata, akaiweka kichwani vizuri, akachuchumaa mbele ya cherehani.

Jirani mmoja alidhani nitasema, "Shangazi, acha, nitaibeba mwenyewe." Sikusema. Ahadi ilikuwa yake, na kazi ilikuwa yangu, na kila mmoja alistahili kumaliza ya kwake.

"Nitwike, fundi," akasema.

Nikamtwika. Akasimama, shingo imenyooka, akatangulia njia ya pwani, na mimi nikamfuata na shahada yangu kwapani.